Ulaya kwa Kampa na Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili, kutoka München hadi Ziwa Garda

Watu wengi wakipanga safari hii huanza na ramani. Wanataka Paris, Venice, Barcelona na Prague ndani ya wiki mbili, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Ushauri wangu ni uanze na viti na mizani. Mtoto wa miaka miwili huvumilia mkanda kama saa mbili kwa siku, basi, na gari lenyewe lina kikomo cha uzito kisheria. Ukishayajua hayo mawili, ramani inajipunguza yenyewe.

Ninaposema kampa nina maana ya gari la kukodi lenye vitanda, jiko, friji na choo ndani. Mwongozo ni kwa familia za Waswahili wanaoishi Ulaya, na pia kwa wanaokuja kutembelea ndugu na wangependa kuzunguka pamoja nao. Njia ninayoitumia kama mfano ni München, Innsbruck, Bolzano, Ziwa Garda na kurudi, kwa siku 10 hadi 14. Kwenda tu ni karibu kilomita 400. Msafiri asiye na watoto angeimaliza kwa siku moja na akapata muda wa kula chakula cha jioni. Nyinyi igaweni mara nne.

Hatua ya 1: Karatasi

Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja inayofaa kwa nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, na hapa ndipo watu hujikwaa. Mkilala Ujerumani siku nne na Italia siku nane, ombi ni la Italia, hata kama ndege inatua München na mwenyeji wenu anaishi huko. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Bima ya safari iwe na kiwango cha euro 30,000 au zaidi. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Kwa msimu wa kiangazi, miadi ya ubalozi itafuteni mapema sana.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, mradi abebe kibali na pasipoti, vya watoto pia. Uingereza na Ireland hazimo. Huko kuna utaratibu wao. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au bibi, bebeni barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo iliyothibitishwa na mwanasheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Huenda msiulizwe. Mkiulizwa bila kuwa nayo, mtakaa dirishani muda mrefu.

Leseni ya daraja B inatosha kwa gari lisilozidi kilo 3,500. Mgeni abebe leseni ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa nyumbani, hivyo kichukue kabla hujapanda ndege. Kwa mkazi wa Ujerumani, leseni ya Kenya au Tanzania inakoma kutambulika miezi 6 baada ya kuhamia. Wapo ndugu walioendesha Thika Road au Morogoro Road miaka kumi na wamelazimika kufanya mtihani upya.

Wanaotoka Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea kuendesha upande wa kulia. Sisi wengine tuwe waangalifu, hasa asubuhi mkitoka kempingi (eneo la kulipia la kuegesha na kulala) barabara ikiwa tupu, maana hapo hakuna gari lingine la kukukumbusha. Usukani uko kushoto, na gia inabadilishwa kwa mkono wa kulia. Kama bei haijapanda sana, chukua gari la otomatiki upunguze jambo moja la kufikiria.

Hatua ya 2: Hesabu viti kabla ya vitanda

Matangazo ya kukodi huandika "vitanda 6" kwa herufi kubwa. Wewe uliza: viti vyenye mkanda wa pointi tatu viko vingapi, vinatazama wapi, na vipi vina Isofix, vile vyuma vya kunasia kiti cha mtoto? Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye sofa inayotazama ubavuni. Kitanda cha nyuma hakilaliwi gari likitembea, hata mtoto alie namna gani.

Sheria hazifanani sana. Ujerumani mtoto hukaa kwenye kiti chake hadi afikishe miaka 12 au sentimita 150. Italia wanaangalia kimo, sentimita 150. Austria ni hadi miaka 14 au sentimita 135. Kiti chenye alama ya i-Size, kiwango cha Ulaya cha viti vya watoto, humtaka mtoto atazame nyuma hadi angalau miezi 15. Ukikifunga hivyo kiti cha mbele, mfuko wa hewa wa abiria lazima uzimwe; kama gari halina namna ya kuuzima, kiti hicho hakikai mbele.

Sasa jambo ambalo wakodishaji wengi hawalisemi. Viti vingi vya watoto vina mguu wa chuma unaoshuka hadi sakafuni kukizuia kisipinduke gari likifunga breki. Kampa nyingi zina sakafu ya ghorofa mbili sehemu ya meza ya kulia, na katikati kuna sanduku la kuwekea viatu. Nyanyua zulia mbele ya benchi, ugonge kwa vifundo vya vidole. Ukisikia mlio mtupu, au ukiona kifuniko chenye kishikio cha kufungulia, mguu ule hauwezi kusimama pale: kwenye ajali kifuniko kinavunjika na kiti kinaondoka na mtoto. Baadhi ya watengenezaji hutoa kijazio maalumu cha kujaza sanduku hilo. Kama hakipo, tafuta kiti kisicho na mguu, chenye mkanda wa juu wa kukishikilia, au badilisha gari. Uliza kwa barua pepe, na picha ya sakafu utumiwe kabla hujalipa.

Kuhusu aina ya gari, familia ya watoto wawili inafaa ichukue kampa yenye kitanda juu ya dereva na vitanda viwili vya nyuma. Ni refu, karibu mita 3 kwenda juu na 6 hadi 7 kwa urefu, na upepo unalisukuma, lakini usiku watoto wanalala bila kubomoa meza kwanza. Zile za umbo la basi dogo zinaegesheka vizuri mjini, ila siku ya mvua watu wanne ndani yake ni adhabu. Kitanda cha juu lazima kiwe na wavu wa kuzuia kuanguka, na aliye chini ya miaka 6 alale chini. Bibi naye asipandishwe ngazi ile.

Hatua ya 3: Uzito

Kilo 3,500 ni pamoja na nyinyi. Kwenye kadi ya gari kuna uzito wa gari likiwa tayari kwa safari, unaojumuisha dereva wa kilo 75 na mafuta, ila watengenezaji wengi huhesabu lita 20 tu za maji. Tuseme ni kilo 3,080. Zimebaki 420. Mama kilo 70, bibi 65, watoto wawili 30, viti vyao 20: zimeshaondoka 185. Zilizobaki 235 ndizo nguo, chakula, sufuria, viti vya kukalia nje, meza, kigari cha mtoto, baiskeli, mtungi wa pili wa gesi na vile vitu vya "huenda tukavihitaji". Ukijaza tangi la maji la lita 100, umeongeza kilo 80 juu ya zile lita 20. Ndiyo maana watu wa kampa husafiri na maji kidogo na kujaza wakifika.

Polisi wa Austria na Uswisi hupima magari haya wakati wa likizo. Ukizidi unalipa faini, na unaweza kuamriwa kupunguza mzigo hapohapo. Acheni baiskeli nyumbani. Vitu vizito viwekwe chini na katikati ya ekseli, makopo yasikae makabati ya juu.

Hatua ya 4: Siku ya kulichukua gari

Tengeni nusu siku. Mtu mmoja awatoe watoto nje, mwingine asikilize maelezo huku akirekodi video, maana baada ya dakika arobaini kichwa kinajaa. Piga picha kila mkwaruzo, hadi paa. Onyeshwa kwa kidole vifuniko vitatu: cha dizeli, cha AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli) na cha maji ya kunywa. Maji yakiingia tangi la dizeli, au AdBlue, safari imeishia hapo na bili ni yako. Uliza urefu wa gari kwenda juu, uandike kwenye karatasi na uibandike karibu na usukani. Maegesho mengi ya ghorofa na ya ufukweni yana chuma cha kuzuia magari marefu kwenye mita 2.

Usiku wa kwanza laleni karibu, kilomita 50 hadi 100 tu. Eneo la Kufstein, mpakani mwa Ujerumani na Austria, ni kilomita 90 hivi kutoka München. Mkigundua bomba linavuja, mnarudi asubuhi.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Barabara kuu za Ujerumani hazina tozo kwa gari lisilozidi kilo 3,500. Austria mnanunua vinyeti, ile stika ya kioo au ya kidijitali. Ya siku 10 inatosha kwa kwenda, na huenda mkahitaji nyingine kurudi. Barabara ya A13 ya kupanda Brenner, kipito cha milimani kati ya Austria na Italia, ina tozo yake ya pembeni. Italia mnachukua tiketi mkiingia na kulipa mkitoka; kaeni mbali na njia za Telepass, zile za malipo ya kielektroniki, kama hamna kifaa chake. Mkibadili mpango na kupitia Uswisi, stika ni ya mwaka mzima tu, faranga 40. Ufaransa tozo hufuata kimo: kuvuka mita 3 kunawapandisha daraja.

Innsbruck acheni gari kempingi na mpande basi. Watoto watafurahia Alpenzoo, bustani ya wanyama wa milima ya Alpi, kuliko maduka ya mjini. Kisha Brenner, mita 1,370 juu ya bahari. Tangu Januari 2025 daraja la Lueg upande wa Austria linafanyiwa kazi, na siku nyingi kila upande una njia moja tu. Vukeni katikati ya wiki, asubuhi na mapema, watoto wakiwa wamekunywa chai tayari. Jumamosi za Julai na Agosti msijaribu.

Bolzano iko kilomita 120 kutoka Innsbruck, na ndiyo kituo ninachokipenda kuliko vyote njiani. Kwenye jumba la makumbusho amehifadhiwa Ötzi, mtu wa barafu aliyeonekana milimani mwaka 1991 baada ya kulala humo zaidi ya miaka 5,000. Anatazamwa kupitia dirisha dogo. Watoto wa miaka minne na mitano huuliza maswali mengi hapo, na wazazi huishiwa majibu.

Ziwa Garda, kubwa kuliko yote Italia, lina sura mbili. Kaskazini, upande wa Riva na Torbole, kuna miamba, kina kirefu na upepo wa mchana unaowaleta watu wa mashua za tanga. Kusini, kuanzia Bardolino na Lazise hadi Peschiera, maji ni ya kina kifupi karibu na ufukwe na yana joto zaidi. Wenye watoto waende kusini, watoke barabara ya A22 pale Affi. Barabara ya ukingo wa magharibi msiipite na kampa: mahandaki ni membamba na mabasi yanakuja. Mkiwa Peschiera, bustani ya michezo ya Gardaland iko jirani, na Verona ni kama robo saa kwa treni. Msiingie Verona na gari. Miji ya Italia ina maeneo ya katikati yasiyoruhusu magari bila kibali, yanayoandikwa ZTL, kamera inapiga picha namba ya gari, na faini hufika kwa mkodishaji, ambaye naye huongeza ada yake.

Hatua ya 6: Mtalala wapi

Kuegesha na kulala ni jambo moja. Kutoa viti, meza na kivuli ni jambo jingine, na sheria hutofautisha. Ujerumani huruhusu kulala usiku mmoja sehemu ya kuegesha ili dereva apumzike. Hispania mnaweza kulala mlipoegesha kihalali alimradi msitandaze vitu nje. Uholanzi na Kroatia ni marufuku nje ya maeneo rasmi. Maeneo hayo rasmi huandikwa Stellplatz Ujerumani, aire Ufaransa, area di sosta Italia, na mengi ni ya bei nafuu au bure. Programu za park4night na Campercontact zinayaonyesha pamoja na maoni ya waliolala.

Kwa watoto wadogo, hata hivyo, mimi hulipia kempingi. Kuna uzio, bembea, bafu la watoto lenye sinki za chini, mashine ya kufulia, na watoto wengine. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Denmark wakikutana kwenye mchanga hawahitaji mkalimani. Maegesho ya barabara kuu msilale kabisa, hata yakiwa na taa. Wezi wa magari ya wageni wanayajua.

Kempingi nyingi za Ujerumani, Austria na Italia hufunga geti mchana, mara nyingi saa saba hadi saa tisa. Fikeni kabla ya saa saba au baada ya saa tisa, msije mkakaa getini na mtoto anayelia. Agosti nzima Garda hujaa, hasa kuzunguka tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto. Weka nafasi mapema. Wenye watoto wasioanza shule waende Mei mwishoni, Juni mwanzoni au Septemba: bei inashuka na maji bado yanaogeleka.

Hatua ya 7: Umeme, maji, choo na gesi

Plagi ya kempingi ni ya bluu, volti 230, lakini muhimu ni ampea. Ampea 6 ni kama wati 1,380. Birika la umeme la wati 2,000 linakata umeme papo hapo, mara nyingine pamoja na wa jirani. Jiko la umeme la wali la wati 500 linakubali. Chai pikeni kwa gesi.

Gesi inunuliwe propeni kama mtakutana na baridi. Buteni hugoma halijoto ikikaribia sifuri. Mitungi ya nchi moja mara nyingi haibadilishwi nchi nyingine, hivyo ondokeni na uliojaa. Mkipika, fungueni dirisha la paa, na hakikisheni kengele ya gesi na ile ya monoksidi ya kaboni zinalia mkizijaribu.

Choo kina kaseti ya lita 18 hivi inayovutwa kutoka mlango wa nje. Kwa watu wanne ni siku mbili, na mtoto anayejifunza kuacha nepi huzipunguza. Peleka penye alama ya kumwagia, geuza mdomo, bonyeza kitufe cha hewa huku ukimimina ili isirushe, suuza kwa bomba la pale, weka dawa na maji kidogo, rudisha. Bomba lile si la maji ya kunywa. La kunywa huwa mbali kidogo na limeandikwa. Apewe mtu mmoja kazi hii safari nzima, watoto wakae mbali. Maji ya sinki nayo yana tundu lake la kumwagia, siyo kwenye majani.

Hatua ya 8: Siku ya watoto

Endesheni wakati wa usingizi wao wa mchana, kilomita 100 hadi 150, kisha kaeni pale siku mbili au tatu. Anayetapika milimani asinywe maziwa kabla ya kuondoka, na awe na taulo, mfuko na nguo za kubadilisha mikononi mwa mama, siyo kwenye kabati.

Usingizi wa usiku ni kazi. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mtoto aliyekulia Dar, ambako saa moja ni giza, hakubali kulala mchana kweupe. Funga mapazia yote, na kwenye madirisha ya paa weka kitambaa cheusi.

Chakula msihangaike. Mchele, tui la kopo na maharage vipo kila supamaketi. Italia unga wa polenta unasongeka ugali mzuri tu, wa njano. Nyama halali iko kwenye maduka ya Waturuki mijini. Jumapili maduka ya Ujerumani na Austria yamefungwa, nunueni Jumamosi. Mnaotoka nyumbani msibebe nyama, samli wala maembe, yatachukuliwa uwanja wa ndege. Nazi, ndizi, mananasi na tende huruhusiwa, na maziwa ya unga ya mtoto hadi kilo 2, pakiti ikiwa haijafunguliwa.

Bavaria na Austria kuna kupe wa majani wanaoweza kuambukiza homa ya ubongo. Chanjo ipo, ila huhitaji miezi kukamilika, hivyo muulizeni daktari mapema. Kila jioni wakagueni watoto nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Namba ya dharura nchi zote hizi ni 112.

Pesa, kwa kifupi

Kampa ya familia kiangazi ni takribani euro 120 hadi 200 kwa usiku, pungufu nje ya msimu. Kempingi ya Garda wakati wa likizo hesabu euro 40 hadi 80. Gari hunywa lita 10 hadi 12 za dizeli kwa kilomita 100. Juu ya hapo kuna amana, aghalabu euro 1,000 au zaidi, huzuiwa kwenye kadi ya benki yenye jina la dereva. Bima ya kupunguza amana hiyo naona inastahili, kwa sababu gari la mita 7 hukwaruzwa na miti, siyo na magari.

Hatua ya 9: Kurudisha

Laleni usiku wa mwisho karibu na ofisi ya mkodishaji. Mwageni kaseti na maji machafu jioni hiyo, kwani choo kisichomwagwa hutozwa kuliko kitu kingine chochote. Ombeni fagio, futeni mabaki ya biskuti kwenye reli za viti, jazeni dizeli na mtunze risiti. Pigeni picha kilomita na kila upande mbele ya mfanyakazi, na asaini fomu kabla hamjaondoka. Picha hizo msizifute mwaka huo. Faini za Italia huchelewa kufika.